Mshika Breki wa Peckham

Akipanda basi kama abiria, Mwalimu alikaa kiti cha nyuma kabisa, ghorofa ya chini, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akafumba macho. Ungedhani amelala. Halafu basi likiwa kwenye mwendo wake angesema kwa sauti ya kawaida tu, "Hapa pana duka la nywele la yule mama wa Kighana, kisha kona ya kushoto." Ukitazama dirishani, kweli unaliona duka la nywele, na kona inakuja. Hakuhitaji macho, alihesabu kona kwa mwili wake. Nilimwona akifanya hivyo miaka sita, Peckham hadi Croydon, kusini mwa London, na kurudi, na mwanzoni nilicheka sana.

Jina lake sitalitaja. Hata gerejini kwetu hakuna aliyelitumia. Waingereza, Wajamaika, Wasomali, wote walimwita Mwalimu, kwa Kiswahili hivyohivyo, kwa sababu mimi nilianza na wao wakafuata. Kazi yake ilikuwa kufundisha madereva wapya wa mabasi, na mimi ni mmoja wa aliowafundisha. Ninaandika haya kwa sababu kwa miezi minane nilijua jambo kuhusu kichwa chake ambalo lingemvua leseni siku hiyohiyo, na nikanyamaza. Na siku nilipoacha kunyamaza, sikumwendea yeye. Anayetaka kunihukumu aanze sasa, asingoje mwisho.

Kabla ya mabasi alikuwa mwanariadha wa bobsledi. Najua, hata mimi nilimwambia arudie. Bobsledi ni kigari cha kuteleza, chembamba, kisicho na magurudumu ila vyuma vinne chini yake, na kinateremka mlimani ndani ya mfereji wa barafu uliopindapinda, kasi kuliko gari lolote utakaloliona barabara kuu. Kile chake kilikuwa cha watu wawili. Wa mbele anaongoza kwa kamba mbili. Wa nyuma anakisukuma mwanzoni kwa nguvu zote alizojaliwa, anakirukia, anainama nyuma ya mwenzake asione kitu, na hafanyi lolote lingine mpaka mstari wa mwisho upite. Hapo ndipo anavuta breki. Huyo wa nyuma ndiye aliyekuwa Mwalimu, kwa miaka minne, Austria, Ujerumani, Latvia, popote palipokuwa na mlima na baridi ya kuua.

Watu wa kwao hawakumwamini. Kwenye harusi za Wapemba na Waunguja, wakishakula pilau na kukaa kupumua, kulikuwa na mzee mmoja asiyechoka na mzaha ule ule: "Wewe barafu uijuayo ni ya ukwaju, tena ya kununuliwa na mama." Ukumbi mzima hucheka. Mwalimu naye alicheka, ila nilimwona mguu wake chini ya meza ukigongagonga sakafu. Nyumbani alikuwa na viatu vyake vya kusukumia, vimefungwa ndani ya foronya, na nyayo zake zina misumari midogomidogo mingi kama ndevu za siku mbili. Hakuwahi kuvipeleka harusini kumfunga mtu mdomo. Alisema mtu anayedai ushahidi kwenye pilau hana njaa ya kutosha.

Alivyoingia kwenye mchezo huo ni kisa cha kuchekesha, na yeye alikisimulia akiwa amesimama, kwa vitendo. Alikuwa kijana, akikimbia mita mia kwenye klabu moja ya kusini mwa London. Asubuhi moja gari la mjomba wake lilizimika kwenye mlima, limejaa magunia ya mbatata. Mjomba akakaa kwenye usukani akitoa amri. Kijana akaenda nyuma, akaweka bega, akalisukuma, na kwa hasira za amri zile akaanza kukimbia nalo kupanda mlima. Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama kumwangalia. Alikuwa kocha. "Akaniuliza, umewahi kusukuma kitu kwenye barafu? Mie nikamwambia, bwana, mie sijawahi hata kutembea juu yake." Wiki ile ile akapelekwa nje ya jiji kujaribu kusukuma kigari kwenye reli za chuma, maana Uingereza yenyewe haina mlima wa barafu, na mwezi uliofuata yuko Austria. Safari ya kwanza kuteremka alidhani amekufa na malaika wanamburuta bila kumuuliza swali.

Mwenzake wa mbele alikuwa kijana wa Wales, mtoto wa wafuga kondoo. Walipendana kwa namna ya watu wanaolazimishwa kuaminiana. Mwalimu akitaka kuswali pale juu, kwenye theluji, yule Mwelshi alimvulia koti lake akalitandika, akasimama upande wa upepo. Usiku walilala na vile vyuma vya kutelezea chini ya kitanda, vimeviringishwa blanketini. Kwenye mchezo ule unavisugua vyuma vyako mwenyewe, kwa msasa, saa baada ya saa, mpaka ving'ae ujione meno, na mtu wa timu nyingine hagusi chuma chako. Akikigusa ni ugomvi.

Ugonjwa huo wa kusugua haukumwacha. Visu, bawaba za milango, ndoano za mapazia, alivisugua vyote. Mkewe, mama mpole lakini ulimi anao, alinionyesha sufuria ambayo kupitia kitako chake ulikuwa unakaribia kuliona jiko. "Wenzangu wanaibiwa na wezi," akasema, "mimi ninamalizwa na huyu."

Alikuwa na vituko vingine. Hakupanda lifti kamwe, na anakaa ghorofa ya tatu. Mtu aliyeteremka milima ya Ulaya kichwa chini aliogopa kisanduku cha chuma cha manispaa. Mwezi wa sita, watu wamevua mashati bustanini, yeye ana sweta mbili. Chai ikipoa kidogo tu, hainywi, na ukimbishia utasikia hotuba. Alikuwa mkali kwa uchafu, mlegevu kwa watoto, na akikosea hakuwa mwepesi wa kukubali. Nimemwona akibishana na ramani.

Lakini kwa kufundisha, sijaona mfano wake. Siku yangu ya kwanza nilikuja na kalamu na daftari. Akanipeleka kiti cha nyuma, akaniambia nifumbe macho, akalitoa basi gerejini yeye mwenyewe na kulizungusha Peckham nzima. Akarudi akaniuliza: "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mwalimu. Umeniambia nifumbe macho."

"Ehe. Abiria wako wote ndivyo walivyo. Wamekukabidhi shingo zao. Sasa nenda mbele."

Kisha alisimama katikati ya basi, bila kushika nguzo, mikono nyuma. Ukifunga breki au ukikata kona na unyayo wake ukasogea, umeanguka somo la siku hiyo. Mimi niliusogeza unyayo huo mara nyingi mno. Nilianguka mtihani wa leseni mara tatu. Mara ya tatu nililia chooni, nikaamua nirudi kwenye kazi ya kuogesha wazee, kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Voi. Mwalimu alinifuata. Alikuja siku zake za mapumziko, Jumapili nne mfululizo, akasimama katikati ya basi tupu na sweta zake mbili mpaka unyayo ukatulia. Nilipofaulu mara ya nne hakunipongeza. Alisema, "Sasa ndiyo unaanza kuogopa vizuri."

Na kila darasa jipya aliliambia jambo moja, akilirudia kama wengine wanavyorudia kiapo: "Ukiumwa, sema. Ukisinzia, sema. Dereva anayeficha maradhi yake ni muuaji aliyechelewa tu." Alilisema kwa Kiingereza chake kizuri, kisha ananigeukia mimi na kulirudia kwa Kiswahili, hata nikiwa nimepita tu kuchukua funguo. Nilimwamini. Ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa nilichokiona.

Cha kwanza kilikuwa kidogo. Tulikuwa tunatoka Croydon, yeye akiendesha, mimi nimesimama karibu naye nikiwa nimemaliza zamu. Kwenye njia aliyoifundisha miaka, akapunguza mwendo akaniuliza, "Hapa tunakwenda wapi?" Nikacheka, nikidhani ni mtihani. Yeye hakucheka. Alizitazama taa za barabarani kama mtu aliyeamshwa, halafu akakaa sawa na kuendelea. Wiki iliyofuata nilimkuta kantini ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha friji ya soda, macho yamefumbwa. Aliniita kwa jina la binti yake. Baada ya hapo niliona mara kwa mara, kwa kuwa nilishaanza kuangalia: koti amelivaa na bado analitafuta, swali lile lile mara mbili kabla sijamaliza kulijibu la kwanza.

Nilimwuliza. Tulikuwa Croydon, mwisho wa njia, tumekaa ndani ya basi tupu tukingoja dakika zetu, tramu zinapita nje. Hakukataa. Alivua glavu moja, akaniambia habari ya mlima mmoja wa Ujerumani.

Walikuwa wamepinduka mazoezini, na kichwa chake kikagongagonga barafu mpaka chini. Siku tatu akasikia mlio masikioni, akawa anasahau chumba chake. Daktari wa timu alikuwa na kipimo: anakutajia maneno matano, mnazungumza mengine, kisha anakuuliza uyarudie. Ukishindwa, hushindani. "Mto, kiti, njano, farasi, kengele," Mwalimu akanitajia. "Mwaka mzima yalikuwa hayo hayo. Daktari mvivu yule. Sote tuliyajua kwa moyo. Na mie, kwa kuhofia nitayasahau, nikayaandika ndani ya glavu."

"Na mwenzako? Yule Mwelshi hakujua?"

"Alijua. Aliniona nakitafuta kigari nami nimekiegemea. Lakini bila mshika breki hana mashindano. Akanyamaza. Tukanyamaza wawili."

Mlima ule ulikuwa na kona kumi na sita. Mshika breki haoni, anahesabu tu, na kila kona inamkandamiza kwa namna yake. Siku ya mashindano, kichwa kibovu kilihesabu kona moja mara mbili. Kwenye ya kumi na tano, kigari kikiwa juu ukutani, Mwalimu alijua kwa yakini kwamba wamevuka mstari. Akavuta breki. Kigari kilizunguka, kikapinduka, kikawaburuta migongo juu ya barafu. Yeye alitoka na michubuko. Bega la yule Mwelshi halikupona. Hata leo mkono ule haupandi juu ya kifua, hawezi kumnyoa kondoo. Wote wawili hawakushindana tena.

"Ulimwomba radhi?" nikauliza.

"Yeye aliniomba mie," akasema. Akavaa glavu yake. "Dakika zetu zimekwisha."

Tulipokaribia Peckham akasema bila kunitazama: "Mwanangu, haya yabaki baina yetu. Mie nje ya basi ni nani? Kizee cha hadithi za barafu. Nnajijua, siku itakayozidi nitakwenda mwenyewe." Nikasema sawa. Nilisema haraka, kabla sijafikiri, kwa zile Jumapili nne. Sikujisikia muungwana hata kidogo. Nilijisikia mtu aliyepewa kubeba sahani ya moto na hana pa kuitua.

Miezi minane ni mirefu. Nilijifunza ratiba yake kuliko yangu. Kwa kawaida walimu hawaendeshi abiria, lakini wafanyakazi wakipungua wanachukuliwa, na kila nilipoona jina lake ubaoni kwenye njia ya watu, niliandika saa zake kiganjani. Nilikuwa nikimaliza zamu napanda basi lake, nakaa chini karibu na mlango, naangalia mikono yake. Sijui nilidhani ningefanya nini. Siku akiwa mzima alikuwa dereva bora London nzima, na siku hizo nilijiambia, unaona, umemdhulumu mtu kwa mawazo. Mume wangu aliniuliza kwa nini nasaga meno usingizini.

Aliyesema wazi alikuwa fundi wetu, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye roho nyeupe. Yeye na Mwalimu walikuwa marafiki wa miaka mingi, wanakaa mtaa mmoja wa maghorofa ya manispaa, milango yao inaangaliana ng'ambo ya uwanja. Siku moja kantini, mbele ya watu, alimwona Mwalimu akitia chumvi kwenye chai, akamshika mkono: "Muzee, kichwa yako haiko muzuri. Enda kwa munganga. Mimi ndugu yako, nakwambia."

Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka. "Hebu katazame injini, unazozijua," akamwambia. "Kichwa changu kiache." Akainywa chai ile ya chumvi mpaka tone la mwisho, akimkodolea macho. Mimi nilikuwa meza ya pili. Niliangalia sahani yangu.

Halafu ikafika ile siku ya mwezi wa tatu. Saa kumi ya jioni, mwanga bado upo, barabara kavu na imenyooka, hakuna gari mbele yetu, hakuna mtu kwenye kivuko. Mimi nilikuwa mahali pangu karibu na mlango. Bibi mmoja mzee alikuwa anateremka ngazi za ndani kutoka ghorofa ya juu ya basi, mkoba mkononi, amebakiza vidato viwili. Mwalimu akafunga breki kwa nguvu zote.

Sauti ya mwili ule kwenye sakafu bado ninayo. Watu wakapiga kelele. Bibi hakulia. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba nyonga yake imevunjika na angependa mtu amshike mkono. Nilimshika. Nilipopata nafasi nikakimbilia mbele. Mwalimu alikuwa ameketi, mikono miwili juu ya usukani, uso umetulia kabisa, tena una furaha. Akaniuliza kwa Kiswahili: "Tumefika?"

Kwenye ripoti aliandika kwamba kitu kama paka kilikatiza. Sidhani alidanganya. Nadhani kichwa kilimtafutia paka. Kesho yake meneja aliniita kama shahidi. Alikuwa ameitazama kamera ya basi, na barabara ilikuwa tupu. Aliniuliza kama nimewahi kuona jambo lolote. Nikamwambia. Nikamwambia friji, koti, kuuliza njia, yote. Ila miezi minane niliikata, nikasema ni wiki mbili tatu hivi. Na nikamwomba jina langu lisitajwe. Akakubali, akaandika, na jambo likawa jepesi namna hiyo.

Mwalimu alisimamishwa siku hiyo. Akapelekwa hospitali, wakampiga picha za kichwa, leseni ikaenda. Hakurudi hata kuchukua kikombe chake. Na aliyekuja kuniambia nani kamsaliti alikuwa yeye mwenyewe, kwenye simu: "Yule Mkongo. Alinitisha mbele za watu, kisha akaenda kunisema. Ndugu yangu mzima." Nilikuwa jikoni nimeshika simu kwa mikono miwili. Ningeweza kusema neno moja hapo. Nikasema, "Pole, Mwalimu."

Kutoka siku ile hakuijibu salamu ya fundi. Wakikutana uwanjani, Mwalimu alipita kama anapita nguzo. Fundi alimtumia ujumbe, alimwekea ndizi mlangoni, alimtuma mkewe, wapi. Kisha mama yake fundi akafa Lubumbashi, na matanga yakawekwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Peckham. Mwalimu, aliyekuwa hakosi msiba wa mtu yeyote wa dini yoyote, hakwenda. Mimi nilikwenda. Niliketi karibu na fundi, nikala ugali wake wa fufu na sombe, kile kisamvu chao, naye akaninong'oneza: "Mama yangu alimujua muzee kwa simu. Alikuwa anamusalimia kila mwaka mupya. Nimemukosea nini?" Nikamwambia atarudi tu, ni hasira. Mtu anaweza kuwa mwongo huku ana chakula cha mfiwa mdomoni, nilikuwa sijui hilo.

Mwaka ulipita. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na sababu nyingi: zamu, watoto, mafua. Kweli ni kwamba niliogopa atanitazama na kujua, au atanitazama na asinijue, na sikujua nililoliogopa zaidi. Binti yake ndiye aliyenipigia. Huyo huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Alisema baba yake ananiulizia kila siku, na siku nzuri zinazidi kupungua, kwa hiyo kama nataka kuja, nije.

Nilikwenda Jumapili mchana. Nilipanda ngazi, sijui kwa nini, lifti ilikuwa inafanya kazi. Mkewe alinifungulia akanipeleka barazani, ile ya nje inayoangalia uwanja, ambako alikuwa amekaa na sweta mbili na blanketi magotini. Alikuwa amekonda. Yale mapaja yaliyosukuma gari la mbatata yalikuwa yamekwisha ndani ya suruali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, chai imepoa. Weye unanijua na chai iliyopoa." Alinijua. Nikavuta kiti, nikakaa.

Tulizungumza vizuri. Aliniuliza njia yangu mpya, akanikumbusha kona mbaya iliyoko huko, kweli ni mbaya. Akanieleza daktari wake, msichana wa Kihindi wa Kingsbury ambaye wazazi wake walitoka Mombasa, anamsalimu kwa Kiswahili cha jikoni na kumbadilishia maneno ya kukumbuka kila wiki. "Huyu si mvivu," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Nilifurahi nikasahau nilikoketi. Halafu chini uwanjani fundi akatokea, na mifuko ya sokoni mikono yote miwili. Akainua uso, akatuona. Akaweka mfuko mmoja chini ili apunge mkono.

Mwalimu aligeuza kiti chake kikapiga kelele kwenye saruji. "Usimpungie," akaniambia. "Kama unanipenda, usimpungie mtu yule."

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda nusu. Niliuangalia. Chini kule fundi bado alisubiri, jua machoni.

"Mwalimu, si yeye," nikasema. "Ni mimi niliyekwenda kwa meneja. Fundi hajakusema popote. Ni mimi."

 Aligeuza kiti chake tena, akanikabili. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, kwa kweli nilikuwa nimeutamani mwaka mzima, na hotuba yangu ya kujibu nilikuwa nayo.

"Baada ya yule bibi kuanguka?" akauliza.

"Kesho yake."

"Na ulijua tangu lini?"

Angeweza kuwa amesahau. Lile swali la Croydon, yale mazungumzo yetu, vyote vingeweza kuwa vimemtoka, na ningesema wiki mbili tatu. "Miezi minane," nikasema. "Uliniomba ninyamaze."

"Nilikuomba." Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilikuwa mgonjwa wa kichwa, mwanangu. Ukamsikiliza mgonjwa." Macho yake yalikuwa yamekaa sawa, hakuna ukungu ndani yake, na ningetoa chochote ukungu ule uwepo. "Kwenda kwa meneja hukunikosea. Ungekwenda ule mwezi wa mwanzo ningekulaani, ningekufukuza mlangoni hapa, na yule bibi leo angekwenda sokoni kwa miguu yake. Hatembei tena, unalijua hilo?"

Sikulijua. Sikuwahi kuuliza.

"Nnakwenda kumwamkia kila Jumanne. Binti yangu hunipeleka. Kila Jumanne huniuliza, ulifunga breki ya nini? Nami sina la kumjibu, kwa sababu sikumbuki. Lakini weye unakumbuka." Alijitoa blanketi magotini, akaanza kuinuka, na nilipotaka kumsaidia akausukuma mkono wangu. "Jumanne tutakwenda wawili. Utamjibu weye."

Mkewe alitoka na chai mpya, akatukuta tumesimama. Alimwuliza anakwenda wapi na viatu vya nyumbani. Mwalimu akamwambia anakwenda msibani, amechelewa mwaka.

Tuliteremka ngazi pole pole, yeye akishika chuma cha pembeni, mimi nyuma yake nikilia kimya kimya kama mjinga. Tukavuka uwanja. Kwenye mlango wa fundi alipumzika kidogo, akafunga vifungo vya sweta ya juu, akagonga. Fundi alifungua akiwa na taulo begani na kichwa cha kabichi mkononi. Akamtazama Mwalimu, mdomo wazi.

Mwalimu alimsalimu yeye kwanza. Akampa pole ya mama. Kisha akasogea kando ya mlango, akaushika ukuta, ili nionekane.